Ndege zikisimama Mwanza inalala njaa. Jiji lijikinge vipi?

#1 BintiKirumba

Wakuu salaam.

Machi 2020 nilikuwa kwenye meza ya minofu, kiwanda kimoja hapa Mwanza. Asubuhi tumevaa magamboti kama kawaida, saa nne msimamizi anapita: leo mnatoka mapema. Hakuna aliyeugua, hakuna samaki aliyeoza, ziwa liko palepale. Ulaya wamefunga hoteli zao, na Kenya imesimamisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 25. Basi. Minofu yetu mibichi ilikuwa inapanda lori hadi Nairobi, pale inaingia tumboni mwa ndege iliyobeba watalii. Mtalii hakuja, mnofu haukuondoka.

Wiki mbili tu, mtaa mzima ukawa kama nyumba iliyoishiwa luku. Mama lishe wa getini alifunga wa kwanza. Wakafuata bodaboda wa zamu ya usiku, muuza barafu, vijana wa maboksi. Mwenye nyumba wangu, ambaye hajawahi kuona samaki zaidi ya yule wa kwenye sahani, naye akawa analia kwa sababu wapangaji wote sita tulitoka kiwanda kimoja.

Sizungumzii nchi, nchi ina wenyewe. Nauliza kuhusu jiji. Mji kama Mwanza ufanye nini ili mlango mmoja wa ng'ambo ukifungwa watu wasilale njaa?

Dai langu ni hili: heshima yote tulimpa sangara wa Ulaya, dagaa tukamdharau. Dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba anakwenda Congo, Rwanda, Burundi, hadi Zambia. Mwaka ule aliyumba lakini hakuanguka. Nipingeni.

#2 ChiefMapanki

Nimekita kambi, chai iko pembeni.

Ila nikiri: 2020 ndio mwaka pekee nilionunua mnofu wa sangara nikala nyumbani kama Mbelgiji. Bei ilishuka hadi nikaona aibu kwa niaba ya samaki.

#3 NgoshaIgoma

Naunga mkono hoja. Na haikuwa mara ya kwanza. 1998 Ulaya walitufungia kwa sababu ya wavuvi waliokuwa wanamwaga sumu ziwani. Mzee wangu alikuwa na mitumbwi minne, akatoka na mmoja, na huo mmoja ulikuwa unavuja.

#4 MkaguziMstaafu

NgoshaIgoma, umechanganya kidogo. Zuio la mwishoni mwa 1997 hadi katikati ya 1998 lilikuwa la kipindupindu, tukaunganishwa na Kenya, Uganda na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema hakuna ushahidi kwamba samaki wetu wanapeleka kipindupindu Ulaya, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa. La sumu ni la 1999.

Nilikuwa kazini miaka ile, nataka nipinge kidogo dai la mwanzisha uzi. Lile zuio ndilo lililotufanya tuwe na ukaguzi wa maana. Kabla ya hapo kuna mialo samaki alikuwa anashushwa mchangani, mbwa anapita, mtoto anapita. Baada ya hapo zikaja sakafu za saruji, barafu kuanzia kwenye mtumbwi, maabara ya Nyegezi, makaratasi ya kila boksi. Viwanda vilivyobaki vikaweza kuuza hata kwa wanunuzi wengine waliokuwa wanatuona wachafu. Kwa hiyo mimi nasema jiji linajikinga kwa ubora. Mwenye cheti kinachokubalika kote akifukuzwa mlango huu anabisha mlango mwingine. Dagaa wako, dada, hana cheti. Ana mchanga.

#5 ChiefMapanki

"Dagaa wako hana cheti, ana mchanga." Mzee umeua. 😂

#6 BintiKirumba

Mzee Mkaguzi shikamoo, asante kwa marekebisho. Lakini 2020 cheti tulikuwa nacho ukutani, kimewekwa fremu. Ndege hazikuuliza cheti.

#7 ProfesaKijiweni

Mnachanganya mambo mawili. Kuna kufungiwa kwa sababu ya bidhaa yako, hapo dawa ni ubora kama alivyosema Mkaguzi. Na kuna kufungiwa kwa sababu ya njia, hapo ubora hausaidii, dawa ni njia nyingi. 2020 ilikuwa ya njia.

Samaki mbichi ndiye mzigo dhaifu kuliko wote kwa maana hiyo. Ana siku chache za uhai sokoni, anahitaji ndege, na sehemu kubwa ya mizigo ya ndege dunia nzima hulala tumboni mwa ndege za abiria. Minofu ya kugandishwa inapanda meli, inasubiri. Kayabo, yaani samaki wa chumvi aliyekaushwa, inasubiri zaidi. Mabondo makavu, vile vibofu vya hewa vya sangara, yanaweza kukaa gunia moja na viatu vyako miezi kadhaa, bado Hong Kong wakayanunua. Kadiri bidhaa inavyoweza kusubiri ndivyo mji unavyoweza kusubiri.

#8 MamaVikoba

Profesa umenena, ila bidhaa ikisubiri, tumbo linasubiri?

Niwape kisa. Nilikuwa mweka hazina wa vikoba viwili mwaka ule. Kimoja ni cha wanawake wa kiwandani tupu, 25. Kingine ni cha mtaa: mwalimu, muuza mkaa, fundi cherehani, dada wa saluni, wawili wa kiwandani, mke wa dereva wa daladala. Cha kiwandani kilikuwa na hela nyingi zaidi, sanduku linabebwa na watu wawili. Kilivunjika Aprili. Wote 25 walihitaji kukopa wiki ileile, na hakuna aliyekuwa na cha kurejesha. Cha mtaa, chenye hela ya mawazo, kiko hai mpaka leo. Wale wawili wa kiwandani walikopeshwa, wakauza maandazi, wakalipa Oktoba.

Tangu hapo mtu akitaka kujiunga simuulizi anapata shilingi ngapi. Namuuliza anazipatia wapi.

#9 NgoshaIgoma

Mama Vikoba hili ungelipeleka kwa madiwani.

#10 MamaVikoba

Madiwani nao wana kikoba chao, na wote wanategemea posho moja 😀

#11 Kontena40

Nawasalimu kutoka Kariakoo. Nyie mnalia na vinavyotoka, sisi tunalia na vinavyoingia. Tangu mwisho wa 2023 Wahouthi wa Yemen waanze kupiga meli Bahari ya Shamu, mzigo wangu wa Guangzhou umekuwa wa kubahatisha. Meli zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, gharama kila siku mpya.

#12 NahodhaMstahiki

Mkuu Kontena40, fungua ramani. Meli ya kutoka China kuja Dar inapita mlango-bahari wa Malaka, inakatiza Bahari ya Hindi, inaingia. Bahari ya Shamu iko kaskazini huko, haipiti kabisa. Kilichozunguka Rasi ni mzigo wa Ulaya: mitumba, mashine, magari ya Uingereza.

#13 Kontena40

Sasa mbona wakala wangu alinitoza kwa sababu hiyohiyo?

#14 NahodhaMstahiki

Kwa sababu meli ni zilezile. Safari ya China kwenda Ulaya ikirefuka, meli nyingi zaidi zinanaswa kwenye njia hiyo, na makontena matupu yanachelewa kurudi Asia. Zinabaki chache za kugombea, nawe uko mwisho wa foleni. Umelipia vita ambayo mzigo wako hata haukuiona. Ni kama 2021, kontena la futi 40 kwenye njia kubwa lilipopita dola 10,000, na hapakuwa na vita yoyote, ni korona na bandari kujaa.

Au wakala wako ni mjanja tu. Yote yanawezekana.

#15 Kontena40

Daah. Nimeelewa, na roho imeuma zaidi.

Niseme tulivyojipanga basi. 2023 dola zilipoadimika, benki unaambiwa rudi wiki ijayo, ukirudi unaambiwa hivyohivyo. Tukaungana wanne wa mtaa mmoja: badala ya kila mtu kuhangaikia kontena lake tunachangia moja, kila mtu na mita zake. Mzigo mdogo, mara nyingi zaidi, ukipotea haukuui. Cha pili, wateja wangu wa Zambia na Congo nikaacha kuwaona kama wateja tu. Wale wanakuja na dola mfukoni. Nilikuwa nawasumbua na bei, siku hizi nawatafutia mpaka gesti. Kariakoo ikiwafukuza wale imejikata mguu. Na tuliwafukuza kweli, muda wa usumbufu wa kodi. Mgomo wa Mei 2023 mnaukumbuka, na wa Juni 2024. Nikihesabu siku duka langu lililofungwa, Wahouthi hawanifikii hata robo ya wale waliotusumbua humuhumu ndani.

#16 MwanaMvita

Nami ndipo napotaka kuingilia. Niko Mombasa. Mwafikiria adui wa mji yuko ng'ambo. Sie tulipigwa na amri ya nyumbani kwetu.

2019 ilitoka amri kontena za kwenda bara zote zipande SGR, ile reli mpya, zikatolewe ushuru Nairobi. Meli zaja vilevile, biashara ya dunia haina neno, bandari imejaa. Lakini malori yakalala. Changamwe na Miritini palikuwa na makanika, wauza matairi, yadi za makontena, mama wa viazi karai, vyote vyafa huku meli zahesabika baharini. Vijana waliandamana kila Jumatatu. Amri iliondolewa Septemba 2022, siku rais mpya alipoapishwa, lakini kuna yadi hazikufunguka tena hadi leo, zimeota magugu.

Ndugu yangu alikuwa na malori mawili. Moja liliuzwa kulipa mkopo wa lile jengine.

#17 ProfesaKijiweni

MwanaMvita, pole. Ila hoja yako inathibitisha kitu kilekile. Lori, matairi, kanika na viazi karai vilikuwa vinakula kutoka sufuria moja, kama wapangaji wa mwenye nyumba wa BintiKirumba. Aliyegonga sufuria awe Mholanzi au waziri, chakula kimemwagika.

#18 MwanaMvita

Sikatai. Lakini Mholanzi huwezi kumpigia kura, waziri waweza. Ndio tafauti.

Na nyie Watanzania msicheke. Julai 2025 mumetupiga marufuku mgeni kufungua hata saluni na kutengeneza simu. Biashara 15!

#19 Kontena40

Hiyo tuliilia wenyewe Kariakoo, mgeni anauza soksi rejareja mkuu. Rudini kwenye mada.

#20 MwanaMvita

Soksi ni hatari kwa usalama wa taifa, nimeelewa 😂

#21 MzeeRaskazoni

Vijana hamjambo. Nimesoma toka juu. Mnaongea kuhusu wiki mbili, mwaka, miaka mitatu. Njooni Tanga muulize miaka 30 ilikuwaje.

Mji huu uliota juu ya mkonge. 1964 Tanganyika ilitoa karibu tani 230,000, hakuna nchi iliyotufikia. Reli mkonge, bandari mkonge, mishahara mkonge, hata timu za mpira zilikuwa za mashamba ya mkonge. Halafu Wazungu wakagundua kamba ya plastiki. Hawakutufungia, hawakutupiga ushuru, hawakutuma barua. Waliacha tu kununua, pole pole, mwaka baada ya mwaka. Na kufungiwa kuna nafuu, maana unajua siku gani uanze kulia.

Wengine watasema ni utaifishaji wa 1967. Nilikuwepo. Ulichangia, mashamba yaliyumba. Lakini hata yaliyobaki kwa watu binafsi yalipukutika. Ni plastiki.

#22 Mchumi_Pangani

Mzee shikamoo, hapo tutabishana. Brazil walikumbana na plastiki hiyohiyo na wakaendelea kulima mkonge mwingi kuliko sisi. Plastiki haikubagua. Sisi tulishindwa kupanda upya. Mkonge ukishatoa mlingoti, lile ua refu la katikati, umekufa, usipopanda mwingine shamba limekwisha. Na bei ya fedha yetu enzi zile ilimnyonga muuza nje yeyote.

#23 NgoshaIgoma

Nasikia mbegu Wajerumani walileta Mexico, 1,000, ndizo zikajaza Tanga yote.

#24 MzeeRaskazoni

Mexico ndiko asili yake, lakini Hindorf, yule Mjerumani aliyeuleta, alizipata Florida, 1893. Zilitoka 1,000, zilizofika hai ni 62. Mji mzima ulitoka kwenye miche 62. Ndiyo maana mimi siamini mtu akiniambia mji fulani hauna kitu cha kuanzia.

Mchumi, marahaba. La kupanda upya nakupa. Lakini jiulize kwa nini mtu apande kitu kinachokomaa baada ya miaka kadhaa wakati bei inashuka kila mwaka. Turudi palepale.

Kilichotubakiza hai hakikuwa mkonge. Ni saruji ya Pongwe, machungwa ya Muheza, na maziwa. Watu waliofuga ng'ombe wawili watatu uani, wakaungana vyama vya ushirika, maziwa yanakusanywa, yanasindikwa, yanauzwa hadi Dar. Hakuna mtu wa London anayeweza kuamka asubuhi akayafunga maziwa ya Tanga.

#25 BintiKirumba

Mzee hilo la mwisho nimelinakili kwenye daftari.

#26 Mshonaji_AthiRiver

Hujambo nyote. Mimi hushona suruali za jinsi za kwenda Marekani, kiwandani Athi River. Sheria yao ya AGOA, inayoingiza bidhaa za Afrika kwao bila ushuru, ndiyo hutupa kazi, tangu 2000. Wengi hudhani shida ni siku sheria inapoisha. Sivyo. Shida huanza miaka miwili kabla. Mnunuzi hataki kuagiza kitu ambacho kitafika bandarini kikipigwa ushuru, kwa hivyo oda zinakuwa fupi fupi. Mkataba wako wa mwaka unakuwa wa miezi mitatu, wa mwezi, mwisho unaitwa kwa simu. Ilipofika 30 Septemba 2025 na muda wake kuisha, wenzangu wengi walikuwa wameshatoka zamani. Na Aprili ile tulikuwa tumeongezwa ule ushuru wa asilimia 10 juu.

Kichekesho: jinsi ninayoshona sijawahi kuivaa mpya. Naikuta soko la Gikomba, Nairobi, ikiwa mtumba, imetoka Marekani imerudi. Najua mshono wangu.

#27 ChiefMapanki

Dada hii ndiyo mapanki yenyewe! Mnofu unakwenda kwao, mifupa inarudi kwetu.

#28 MkaguziMstaafu

Na mapanki yana somo ambalo hakuna aliyeligusa. Mwanza watu wa kipato cha chini wanakula mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa. Kiwanda kikisimama mapanki yanasimama. Chief wetu alikula mnofu 2020, lakini kwa wiki chache tu, wenye mitumbwi walipokuwa wanauza kwa hasara. Wengi waliacha kwenda ziwani baadaye, kwa sababu petroli ya injini haikurudi. Hapo hakukuwa na mnofu wala mifupa.

#29 ChiefMapanki

Nathibitisha. Mei nilirudi kwenye maharage.

#30 Mvuvi_Ukerewe

Mnaongea sana juu ya ndege na Wazungu. Njooni ziwani. Samaki wamepungua. Zamani usiku mmoja unarudi mtumbwi umezama nusu, sasa unamaliza petroli unarudi na vijisangara ambavyo ni kosa hata kuvishika. Kuna viwanda vimefunga milango Ulaya ikiwa wazi kabisa. Mkipanga mji ujikinge na soko la nje huku mnavua watoto, mnajikinga na mvua ndani ya nyumba inayoungua.

#31 NgoshaIgoma

Kweli, lakini dawa yake? Mwaka 2018 walichoma nyavu zetu, ukoo mzima ukarudi kulima pamba.

#32 Mvuvi_Ukerewe

Na pamba nayo bei inapangwa wapi? Haya.

#33 Uyole_Viazi

Mbeya tuko hapa. Mwanzisha uzi unasema jirani ni salama kuliko Ulaya. Siyo kila siku. Aprili 2025 Malawi walikuwa wamezuia mchele, unga, tangawizi na ndizi zetu, Afrika Kusini nao ndizi zilikuwa zimezuiliwa muda mrefu, waziri wetu akajibu kwa kufunga mazao yao na kutishia mbolea ya Malawi isipite. Ilitulizwa kabla ya wiki mbili kuisha. Lakini ndizi haijui diplomasia. Shemeji yangu alikuwa mpakani Kasumulu na Fuso zima, aliuza kwa bei ya chakula cha nguruwe.

Kilichomwokoa jirani yake ni mchele wa Kyela. Aliurudisha Mbeya, akauweka stoo, akasubiri. Tunarudi kwa Profesa: kinachosubiri.

#34 ProfesaKijiweni

Mwanafunzi bora wa wiki.

Sasa jamani, jiji lina uwezo gani hasa? Jiji halipangi ushuru wa forodha, halina dola, halirushi ndege. Lina ardhi, masoko, leseni, maeneo ya machinga, maji, barabara za mitaa, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kukopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 ikarudi kwa utaratibu mpya 2024. Kwa hiyo swali la haki kwa jiji ni: hiyo mikopo inakwenda kwa nani? Nimewahi kuona orodha ya vikundi vya kata moja, nane kati ya kumi ni bodaboda. Bodaboda nane wanaobeba wafanyakazi wa kiwanda kimoja. MamaVikoba angekataa.

#35 MamaVikoba

Ningekataa watano.

#36 Kontena40

Mbona hakuna anayetaja dhahabu? Mwanza mna mtambo wa kusafisha tangu 2021, na wachimbaji wanatakiwa kutenga asilimia 20 wauze ndani, Benki Kuu inanunua. Ndizo akiba zenu. Tangu mambo hayo yaanze 2024 mimi dola naipata bila kumpigia mtu magoti.

#37 NahodhaMstahiki

Na bei ya dhahabu inapangwa London. Umetoka kwa Mbelgiji umehamia kwa Mwingereza.

#38 Kontena40

Lakini dhahabu inasubiri, mkuu. Somo la Profesa 😎

#39 Busisi_Mpya

Daraja je? Tangu 19 Juni 2025 Kigongo–Busisi tunavuka dakika chache, kilomita 3 juu ya maji. Zamani lori la Geita au Bukoba lilikuwa linalala foleni ya kivuko. Mimi naona hiki ndicho alichouliza mwanzisha uzi: Mwanza imepata mlango mwingine, wa magharibi, hadi Rwanda na Burundi kwa barabara.

Japo niseme ukweli, mama yangu mdogo alikuwa anauza samaki wa kukaanga pale kivukoni kwa wale waliolala foleni. Foleni haipo. Yeye ndiye aliyeipata hasara ya maendeleo, na hakuna mwandishi aliyekwenda kumhoji.

#40 BintiKirumba

Mpe pole zangu. Amehamia wapi?

#41 Busisi_Mpya

Bado anaangalia. Magari siku hizi yanapita kwa kasi.

#42 MupendaGoma

Jambo bandugu. Mimi niko Goma, nauza dagaa na kayabo za Mwanza karibu miaka kumi. Nimesoma pale juu, "dagaa wa Congo hakuanguka." Iko kweli kwa 2020. Lakini tangu mwezi wa kwanza 2025 vita ilipoingia huku mjini, benki zilifunga, uwanja wa ndege ulifunga. Cash ikawa kidogo sana, watu wanavuka Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta franga. Chakula watu wanakula, dagaa inatakiwa sana, wateja wako. Njia ya kulipa ndiyo shida. Kuna mama wa Mwanza alinitumia mzigo kwa kuniamini, nikamulipa kidogo kidogo kwa simu, miezi ine. Wengine walikata. Ule mama leo namununulia yeye tu.

Sasa mujue, musiseme Congo haifungi.

#43 MkaguziMstaafu

Hili ni zito kuliko mihadhara yote ya leo.

#44 ProfesaKijiweni

Nimekubali kupigwa.

#45 BintiKirumba

Kaka wa Goma asante. Narekebisha dai langu la #1: dagaa hakuanguka 2020. Sisemi hataanguka.

Na niwaambie ukweli uliobaki. Baada ya kiwanda nilihamia dagaa mwenyewe, ndiyo maana nawatetea. Nanunua visiwani, nauza Mwaloni. Mzee Mkaguzi alipotaja mchanga nilinyamaza kwa sababu ni kweli. Wengi wanaanika chini. Mvua ikinyesha au akipita mbuzi, ndiyo hivyo. Aliyeanikwa juu ya kichanja cha nyavu anauzwa zaidi na anakaa muda mrefu, lakini kichanja kinataka mbao, nyavu na eneo, na eneo la ufukweni ni la jiji. Tumeandika barua mara tatu kuomba eneo la kuanikia. Tunaambiwa pamepangiwa hoteli.

#46 MwanaMvita

Hoteli ya watalii wale wale walioacha kuja 2020? 😂😂

#47 MzeeRaskazoni

Andikeni ya nne. Sisi bandari ya Tanga tumeililia toka nikiwa kijana, meli zinatia nanga mbali, mzigo unaletwa na matishari. Juzi juzi ndiyo wamechimba kina hadi mita 13, meli inakuja gatini. Nimeishi kuiona.

#48 Mchumi_Pangani

Na sasa imekuja kubeba nini, mzee?

#49 MzeeRaskazoni

Wewe kijana una matatizo. Mkonge, pamoja na vingine. Bei imerudi, siku hizi wanautaka tena, plastiki imewachosha.

#50 Mchumi_Pangani

Kwa hiyo tunaanza upya.

#51 ChiefMapanki

Miche 62 iko wapi tupande.

#52 MupendaGoma

Dada BintiKirumba, hiyo dagaa ya kichanja iko? Nataka kujaribu.

#53 BintiKirumba

Ipo kidogo, nina vichanja viwili tu, uani kwangu. Unataka gunia ngapi?

#54 MupendaGoma

Kumi. Nusu nalipa kwa simu leo, nusu ikifika. Ikiwa na mchanga narudisha.

#55 MkaguziMstaafu

Huo ndio ukaguzi.